Ushahidi kwa vikundi vya wananchi: inafaa wapi, inakwama wapi, na nani asihangaike nayo

Kikundi chochote kinachotaka kufuatilia uchaguzi, dawa za zahanati au visima vya kata kadhaa kitaambiwa mapema kitumie Ushahidi. Ni programu huria inayopokea taarifa za wananchi kwa SMS, barua pepe au fomu ya mtandaoni, kisha inawasaidia wenye mradi kuzipanga, kuzihakiki na kuziweka kwenye ramani. Hukumu yetu ni hii: kama mna watu wa kukaa dawatini, na kuna ofisi inayosubiri taarifa hizo ili ichukue hatua, ni vigumu kupata chombo huria kinachoifikia kwa kazi hii. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, msiifungue. Ramani iliyojaa malalamiko yasiyojibiwa huwavunja watu moyo kuliko kukosa ramani kabisa.

Chombo hiki kilizaliwa Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007 tume ya uchaguzi ya wakati ule, chini ya Samuel Kivuitu, ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi. Ghasia zikasambaa na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika mtandaoni yaliyokuwa yakitokea, aliomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia ziko wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia, na ndani ya siku chache za Januari 2008 tovuti ikawa hewani. Tangu hapo imetumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, Misri katika HarassMap ya kuripoti unyanyasaji wa kingono mitaani, na Kenya penyewe katika kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010 na chaguzi zilizofuata, kwa jina la Uchaguzi. Asili hiyo inafaa ikumbukwe na anayetaka kuichagua leo. Ilitengenezwa ipokee taarifa za watu wasiojuana, ambao hakuna aliyewapanga wala kuwafunza. Uwezo wake wote umetoka hapo, na udhaifu wake pia.

Udhaifu wenyewe ni kwamba ramani yake haina sampuli. Nukta zikijaa Nairobi na Turkana ikabaki nyeupe, hilo halithibitishi kwamba Turkana kulikuwa shwari. Huenda mtandao ni hafifu, tangazo la redio halikufika, au watu waliogopa. Kwa hiyo msiitumie kulinganisha kaunti na kaunti au mkoa na mkoa, na msiitumie kabisa kujibu swali la nani ameshinda. Swali hilo lina mbinu yake ya hesabu sambamba ya kura, ambapo waangalizi waliofunzwa hupelekwa kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Kundi la waangalizi wa uchaguzi la Kenya, ELOG, limefanya hivyo, na mwaka 2022 lilitumia sampuli ya vituo 1,000. Ushahidi ina swali jingine la kujibu: ni nini kinaenda mrama saa hii, mahali gani, na nani apigiwe simu.

Vilevile, kama watoa taarifa wenu ni watu 40 mnaowajua kwa majina, mliowafunza na wana simu za kisasa, chukueni KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu. Fomu zake hujazwa bila intaneti na kutumwa mtandao ukirudi, na takwimu zake hutoka safi zaidi. Ushahidi inastahili gharama pale mlango unapoachwa wazi kwa yeyote mwenye simu ya kitochi.

Kuisimika

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupangishiwa na Ushahidi wenyewe: mnafungua akaunti, mnachagua jina, na ndani ya saa moja mna ramani. Ya pili ni kuiweka kwenye seva yenu. Hapo mtahitaji Linux, PHP, MySQL, Redis na fundi anayezijua. Kikundi kidogo kichague ya kwanza. Seva ya nyumbani inavutia kwa sababu taarifa zinabaki mikononi mwenu, lakini ikizima usiku wa kuhesabu kura na fundi amelala, mmepoteza usiku wenyewe mliokuwa mkiungoja.

Wanaojisimikia wenyewe hukwama mara nyingi mahali pamoja: wanasahau kuweka kazi za ratiba, yaani cron. Tovuti inafunguka vizuri, fomu zinajazwa, ila SMS na barua pepe haziingii, majibu hayatoki, na hakuna ujumbe wa kosa unaoonekana kwa msimamizi. Kama mmetuma meseji ya majaribio na haikuonekana baada ya dakika chache, angalieni cron kabla ya kuilaumu kampuni ya simu. Na hifadhidata inakiliwe kila usiku. Wiki ya uchaguzi, kila baada ya saa chache.

Fomu ndiyo kazi yenyewe

Vikundi hutumia muda mrefu kuchagua rangi na nembo, halafu fomu inaandikwa jioni moja. Igeuzeni ratiba hiyo. Fomu nzuri ya wananchi ina sehemu saba au pungufu: kichwa, nini kimetokea, mahali, saa, je umeona mwenyewe au umeambiwa, picha kama ipo, na kama unakubali kupigiwa simu. Swali la kuona au kuambiwa linaachwa nje mara kwa mara, na ndilo linalookoa saa nyingi za wahakiki.

Makundi ya taarifa yasizidi kumi, na yapangwe kwa kuangalia nani atapokea taarifa hiyo. Kwa uchaguzi tunapendekeza haya: kituo hakijafunguliwa, vifaa pungufu au mashine ya kutambua wapiga kura kukwama, mpiga kura kuzuiwa, wakala kutolewa nje, rushwa, vitisho au ghasia, fomu ya matokeo haikubandikwa, na kundi la nane, mambo yako shwari. La nane lisiachwe. Pasipo hilo ramani hubeba maovu matupu, na mtu aliye mbali huamini nchi nzima inawaka moto.

Mahali ndipo panaposumbua kuliko pote. Fomu ya mtandaoni huchukua eneo kutoka kwenye simu, lakini SMS haina GPS. Itaingia meseji inayosema "hapa shuleni Majengo kuna fujo", na Majengo iko Nairobi, Mombasa, Moshi na Mbeya. Kitafutio cha ramani kinaweza kumpa mfanyakazi Majengo ya kwanza kinayoipata, naye akiwa na haraka anabonyeza. Dawa yake ni kazi ya kabla: tafuteni orodha rasmi ya vituo, ikiwa na kaunti au mkoa, jimbo, kata, jina na namba ya kituo, kisha muiweke kwenye jedwali ambalo kila aliye dawatini analo. Kenya mwaka 2022 ilikuwa na vituo 46,229 katika majimbo 290, kwa hiyo si jedwali la kuandika kwa mkono wiki moja kabla. Kwenye matangazo, waambieni watu waanze na kata, wafuatishe kituo, ndipo waeleze tukio.

Kuna swichi moja kwenye mipangilio ya kila fomu ambayo lazima ikaguliwe na watu wawili: ile inayotaka taarifa ipitiwe kabla ya kuchapishwa. Ikizimwa, kila uvumi unaoingia unaonekana na ulimwengu mzima papo hapo ukiwa na nembo yenu. Jirani yake kuna swichi za kuficha mtuma taarifa, saa kamili na eneo kamili. Ziwasheni zote kwa taarifa za vitisho. Nukta inayotua juu ya paa la nyumba ya mtu imemtaja mtu huyo hata kama jina lake halikuandikwa.

SMS: namba, gharama na alama moja inayokula pesa

Namba fupi isiyomtoza mtuma ujumbe ndiyo bora, na ndiyo inayochelewa. Kila kampuni ya simu inataka makubaliano yake, au mnapitia kampuni ya kati inayowaunganisha na zote. Anzeni miezi sita kabla. Mkichelewa mtapata mtandao mmoja tu wa simu, na maeneo yanayotumia mtandao mwingine yatakuwa kimya kwenye ramani yenu.

Njia ya bei nafuu ni simu ya Android yenye laini ya kawaida na programu ya SMSSync, inayopeleka kila meseji kwenye tovuti. Kwa kijiji au kata inatosha, kwa taifa haitoshi. Android huweka ukomo wa SMS ambazo programu inaweza kutuma kwa muda mfupi, kwa hiyo majibu ya moja kwa moja kwa mamia ya watu yatakwama. Tangu Google ilipobana ruhusa za kusoma SMS katika duka lake mwaka 2019, programu za aina hii mara nyingi huwekwa kwa faili, nje ya duka. Simu hiyo ikae kwenye chaji, izimiwe mpangilio wa kubana betri, na isitumiwe kwa kitu kingine chochote.

Ujumbe wa kujibu uandikwe ukihesabiwa. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ikiingia alama hata moja isiyomo katika seti ya kawaida ya simu, uwezo huo hushuka hadi 70. Waandishi wa Kiswahili huangukia hapa kwa sababu ya "ng'". Kompyuta nyingi hugeuza alama hiyo kuwa ile iliyopinda, nayo haimo kwenye seti. Ujumbe wa herufi 140 wenye neno "ng'ombe" au "kung'oa" unageuka SMS tatu, kwa kuwa vipande vilivyounganishwa hubeba herufi 67 kila kimoja. Tumieni alama iliyonyooka, msiweke vikatuni vya nyuso, na mjaribu kila jibu kwa simu halisi kabla ya kuliingiza kwenye mfumo.

Kuhusu mitandao ya kijamii tuseme kwa ufupi. Kuvuta taarifa kutoka X, yaani Twitter ya zamani, kulikuwa rahisi hadi kampuni hiyo ilipofuta njia ya bure kwa programu mwaka 2023, msiijengee mpango. WhatsApp ndiko watu waliko, basi wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kunakili ya WhatsApp kwenye fomu, akiandika kwamba ndiko yalikotoka.

Mpango uwe na siku ya giza. Oktoba 2020 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliagiza huduma za SMS za wingi zisitishwe kwa muda, kuanzia siku chache kabla ya uchaguzi hadi Novemba. Januari 2021 Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa katika uchaguzi. Katika hali hiyo kinachobaki ni simu ya sauti, fomu ya karatasi yenye maswali yaleyale saba, na mtu mmoja kila kata anayejua azipeleke wapi. Karatasi zichapishwe na kusambazwa kabla. Siku yenyewe hakuna wa kuzisambaza.

Dawati

Hapa ndipo miradi mingi inapozama. Kusoma meseji moja, kuitafsiri ikiwa imeandikwa Kiluo au Kisukuma, kuitafutia mahali na kuiweka kwenye kundi huchukua kama dakika tano kwa mtu aliyezoea, yaani meseji 12 kwa saa. Mkitarajia meseji 600 kwa saa 10, mnahitaji watu watano wasioinuka. Theluthi ya taarifa hizo ikihitaji kupigiwa simu, dakika kumi kila moja, ongezeni wanne. Hao ni tisa, na zamu mbili ni 18. Tena meseji haziji kwa mpangilio: hufurika vituo vinapofunguliwa, zikatulia mchana, zikafurika tena kura zinapohesabiwa. Wapeni watu mapumziko saa saba mchana, si saa moja jioni.

Lugha zipangwe mapema. Haiti, wajitolea walioendesha ramani kutoka Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wasingeweza kusoma meseji zilizoingia kwa namba 4636 bila Wahaiti wa ughaibuni waliozitafsiri kutoka Krioli. Mombasa, Kisumu, Kigoma au Bukavu mambo ni yaleyale: mtu aliyetishwa huandika kwa lugha aliyotishwa nayo.

Uhakiki uwe na kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Kanuni inayofanya kazi ni vyanzo viwili visivyojuana, au mwangalizi mmoja aliyefunzwa aliye mahali hapo. Meseji kumi za maneno yaleyale ni chanzo kimoja kilichosambazwa. Anayepiga simu asimlishe mtu jibu; asiulize "ni kweli polisi wamefyatua mabomu ya machozi?" Aulize amesimama wapi, anaona nini sasa, na nani mwingine yuko hapo. Picha itafutwe mtandaoni kama imewahi kuonekana kabla, kisha iangaliwe mabango, sare, mvua au jua. Ndani ya Ushahidi mnaweza kuuweka uhakiki kama hatua ambayo lazima ikamilike kabla taarifa haijaonekana hadharani. Iwekeni, na mpeni ruhusa ya kuchapisha mtu mmoja au wawili kwa zamu, wasiozidi hapo. Programu inaruhusu ngazi za ruhusa, na vikundi vingi huziacha hivyo hivyo huku kila mjitolea akiwa msimamizi mkuu.

Kuna taarifa zisizokwenda kwenye ramani kamwe, hata zikithibitishwa: ubakaji, mtoto aliyeumizwa, jina la mtu anayetuhumiwa. Hizi zina njia yake, kwa simu, hadi kwa wahudumu wa afya na wa sheria ambao mmekubaliana nao kabla.

Nani atajibu

Programu haiwezi kuwafanyia kazi hii. Tanzania ina mfano ambao kila mwenye mpango wa SMS na ramani anapaswa kuusoma. Shirika la Daraja liliendesha mradi wa Maji Matone: wananchi watume SMS kuhusu bomba lililoharibika, taarifa ifike kwa mhandisi wa maji na kwa vyombo vya habari. Lengo lilikuwa zaidi ya meseji 3,000. Kipindi cha majaribio kikaleta 53. Daraja walilisema hilo hadharani na kuusimamisha mradi mwaka 2011, jambo la heshima katika sekta ambayo ripoti zake hujaa mafanikio. Sababu zilizoonekana zinaeleweka: wanaochota maji ni akina mama na watoto, ambao mara nyingi simu haiko mikononi mwao, mtandao ni hafifu, na watu hawakuamini kwamba serikali ingewajibu, wengine wakiogopa kuonekana walalamishi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata laini moja, tafuteni makubaliano ya maandishi na wapokeaji. Kwa maji, Tanzania, ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kwa zahanati, mganga mkuu wa wilaya na kamati ya afya ya kituo. Kwa uchaguzi, dawati maalumu la tume, polisi na kamati za amani. Karatasi hiyo itaje cheo cha mpokeaji, muda wa kujibu, na hatua inayofuata muda huo ukipita. Kila anayetuma taarifa apate ujumbe wa pili, baada ya ule wa kushukuru, unaosema nini kimefanyika, hata kama jibu ni kwamba hakuna kilichofanyika na jambo limepelekwa baraza la madiwani.

Baraza la ana kwa ana haliwezi kuachwa. MUHURI, shirika la haki za binadamu la Mombasa, walipokagua miradi ya mfuko wa maendeleo wa jimbo la Likoni mwaka 2007, walikusanya nyaraka, wakawafunza wakazi kuzisoma, wakawaeleza wananchi haki zao, wakaenda kuona majengo yenyewe, wakaitisha mkutano wa hadhara ambao viongozi waliulizwa mbele ya watu, kisha wakafuatilia ahadi zilizotolewa pale. Ramani ya Ushahidi inaweza kurahisisha hatua ya nne kwa picha na maeneo. Tano nyingine bado ni miguu, vikao na uvumilivu wa miezi.

Sheria na namba za watu

SMS haimfichi mtu. Kenya na Tanzania laini zimesajiliwa kwa jina la mwenyewe, na kampuni ya simu inajua nani ametuma nini wapi. Semeni hivyo wazi kwenye matangazo. Msiandike "siri yako iko salama" kama hamwezi kuilinda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinawahusu mara mnapohifadhi namba ya mtu, hasa ikiwa seva iko nje ya nchi. Kupokea taarifa za wananchi hakuwafanyi kuwa waangalizi wa uchaguzi. Anayeingia kituoni kwa jina hilo anahitaji kibali cha tume.

Kabla ya siku ya kwanza, amueni tarehe ya kufunga. Siku hiyo toeni nakala ya CSV, yaani faili la jedwali, ya taarifa zote, ondoeni safu ya namba za simu na majina, wapeni nakala safi wale mliokubaliana nao, kisha zifuteni namba kwenye mfumo, kwenye simu iliyokuwa na SMSSync, na kwenye kompyuta za wajitolea walionakili meseji za WhatsApp. Simu ya SMSSync husahauliwa: hurudishwa kwa mwenyewe au kuuzwa ikiwa bado imebeba meseji zote. Irudisheni kwenye mipangilio ya kiwandani mbele ya watu wawili, na mwandike kwamba imefanyika.